Taa Huzimwa kwa Fezi, Huungua kwa Nyutro

Hotuba kwa vijana wanaomaliza mafunzo ya ufundi umeme, Dar es Salaam

Walimu, mafundi wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mnaokabidhiwa vyeti: walionizidi umri shikamooni, wengine habari za mchana.

Niliombwa nizungumzie mustakabali wa fani ya umeme. Nimeona mustakabali wenu mtaufikia kabla yangu, kwa hiyo waandaaji wataniwia radhi, mimi nitazungumzia sanduku, yaani paneli ya relei. Ni sanduku la chuma lenye relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) kumi na mbili, ishirini na nne au zaidi, linalofungwa pembeni ya DB, yaani kisanduku cha breka, kwenye majengo ya ofisi, hospitali, hoteli na maduka makubwa, na kazi yake ni kuwasha na kuzima taa za ghorofa nzima. Mtalikuta, pengine wiki ya kwanza kazini. Hapo mtagundua kwamba swichi mliyoizoea, ile ambayo fezi, waya unaoleta umeme, inaingia huku na kutokea kule, haipo. Ukutani kuna kitufe chenye nyaya nyembamba kama za simu. Ukigusisha tesa, haiwaki. Fundi mwenye haraka husema swichi imekufa, anafunga ya kawaida, anavuta fezi ya volti 230 na kuiingiza kwenye nyaya zile zile. Kadi ya amri iliyoko kwenye paneli inaungua pale pale, na ghorofa nzima inalala giza kwa sababu ya kitufe kimoja ambacho hakikuwa na ubaya wowote.

Basi tuanze na njia ya umeme.

Nyumbani, waya hutoka kwenye breka, hupanda hadi swichi ya ukutani, kisha hurudi kwenye taa. Kwenye jengo lenye paneli ya relei, waya hutoka kwenye breka, huingia terminali moja ya relei, hutokea terminali ya pili, na hapo ndipo unaelekea darini kwenye taa. Hakuna zaidi ya hapo. Relei ni swichi ile ile mliyoisoma siku ya kwanza, ila imehamishwa kutoka ukutani ikasogezwa karibu na breka, na badala ya kusukumwa na kidole inasukumwa na koili, waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme. Haipunguzi mkondo, hailindi waya, haijui kama kuna shoti. Ulinzi umebaki kwa breka. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kumsikia mtu akitetea kuunganisha relei sita kwenye breka moja kubwa ya ampea 32 kwa hoja kwamba kila relei imeandikwa ampea 16. Kilichoandikwa kwenye relei ni uwezo wa kubeba, si ahadi ya kukata. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliopo baada ya relei hiyo hauna wa kuutetea.

Nyutro, waya unaorudisha umeme, haipiti kwenye relei. Inatoka kwenye baa ya nyutro ya DB na kwenda moja kwa moja kwenye taa, pamoja na ethi, waya wa ardhini. Litilieni mkazo hilo, maana nitalirudia.

Sasa, ndani ya sanduku kuna pande mbili zisizotakiwa kugusana. Upande wa nguvu una volti 230. Upande wa amri mara nyingi una volti 24 zinazotoka kwenye transfoma au pawasaplai ndogo iliyomo humo humo. Relei ndiyo mahali pande hizi zinapokaribiana kuliko popote: koili iko upande wa amri, mguso, sehemu inayofunga na kuachia njia ya umeme, uko upande wa nguvu, na katikati kuna plastiki na hewa tu. Watengenezaji wa paneli nzuri huweka ukuta wa chuma katikati ya sanduku, nyaya nene zikapita kushoto, nyembamba kulia. Kazi ya fundi ni kuheshimu ukuta huo hadi nje ya sanduku. Kanuni za Kiingereza za BS 7671, ambazo mafundi wengi wa ukanda wetu tumelelewa nazo, zinataka nyaya za amri zisichanganywe na za nguvu kwenye tranki (mfereji wa nyaya) moja isipokuwa pawe na kizigeu, au ganda la waya wa amri liwe limetengenezwa kuhimili volti kubwa kuliko zote zilizomo humo. Watu hudhani ni suala la usafi wa kazi. La hasha. Ganda likichubuka ndani ya tranki, volti 230 zitasafiri hadi kwenye kitufe cha mapokezi ambacho kilijengwa kikitegemea 24, na dada wa mapokezi hukibonyeza kila asubuhi.

Relei zenyewe ziko za aina kuu mbili, na tofauti yake itawaamulia mambo mengi. Kuna kontakta, mnayoijua kutoka kwenye mota: koili ikipata umeme inavuta, ikikosa inaachia. Taa zikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili, koili inakula umeme muda wote huo, ina joto, na ikizeeka au ikiingia vumbi inaanza kunguruma. Kisha kuna relei inayojishikilia yenyewe kama komeo la mlango: ukiisukuma inabaki pale ulipoiacha. Koili yake inahitaji mpigo mfupi tu wa umeme, chini ya sekunde moja, kisha inapumzika, na mguso unabaki umefunga au umeachia hadi mpigo mwingine uje.

Tofauti hiyo mtaiona umeme ukikatika. Kontakta huachia zote. Umeme ukirudi, zinasubiri amri. Relei za kujishikilia hazijui kwamba umeme ulikatika. Zilizokuwa zimefunga zitarudi zikiwa zimefunga. Ndiyo maana jengo linaweza kukatikiwa saa mbili usiku watu wakaondoka gizani, umeme ukarudi saa saba, na taa za ghorofa tatu zikawaka hadi asubuhi bila mtu. Paneli za kisasa hutatua hilo kwa kupeleka mpigo upya kwa kila relei umeme unaporudi, kulingana na saa ilivyo. Ila mpangilio huo hauji wenyewe, lazima mtu aingie kwenye programu auweke.

Relei nzuri ya kazi hii huwa na nyaya tatu upande wa amri: mmoja wa pamoja, mmoja wa kuwasha, mmoja wa kuzima. Kwenye maduka ya Kariakoo mtapata zaidi ile ya waya mbili, inayogeuka kila ikipata mpigo: wa kwanza unawasha, wa pili unazima. Kwa ngazi za nyumba ya wapangaji inatosha sana na sina ugomvi nayo. Kwa ukumbi wenye relei nne zinazotakiwa kwenda pamoja, msithubutu. Siku moja, moja kati yake itakosa mpigo, na kuanzia hapo zitapishana: ukibonyeza kuwasha, tatu zinawaka na moja inazima, ukibonyeza tena, moja inawaka na tatu zinazima. Mteja atakuita akidhani jengo lina jini. Dawa ni kufungua paneli na kusukuma kwa mkono kiwiko cha ile iliyopotea, lakini itapotea tena.

Jambo dogo kuhusu koili za volti 24 za mkondo mnyoofu. Mkondo ukikatwa ghafla koili hurusha volti kubwa kinyume, na hizo ndizo huua kadi. Kwa hiyo huwekwa dayodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Relei nyingi za kisasa zimekuja na dayodi ndani, na ndiyo maana terminali zake, A1 na A2, zina chanya na hasi. Ukizigeuza, dayodi inakuwa shoti. Pawasaplai inajizima, na wewe unakwenda kuipima pawasaplai.

Nimefika kwenye nyutro.

Majengo haya yana fezi tatu: volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro. Zamani, mkandarasi aliyetaka kuokoa waya alichukua saketi tatu za taa, moja kutoka kila fezi, akazipa nyutro moja. Kwa balbu za zamani hesabu ilikuwa inakubali: mizigo ikilingana, mikondo mitatu hufutana kwenye nyutro na kinachobaki ni kidogo. Taa za LED zimeiharibu hesabu hiyo. Draiva zake, yaani vifaa vinavyozilisha umeme, hasa za bei rahisi, hazivuti mkondo kwa mawimbi laini; huuvuta kwa vipande vipande, na ndani yake kuna mkondo wa masafa ya mara tatu, yaani hezi 150 juu ya hamsini zetu. Mikondo hiyo ya fezi tatu haifutani kwenye nyutro. Inajumlishwa. Nyutro mliyodhani inapumzika inaweza kubeba sawa na fezi, hata kuizidi, na haina breka ya kuisemea. Nyutro ya pamoja kwenye taa za LED, kwa maoni yangu, ni akiba ambayo mtu mwingine atailipa.

Hayo ni joto tu. Balaa lenyewe ni nyutro kulegea, na hapa paneli ya relei huficha ushahidi kwa namna ambayo imewapotosha mafundi wazuri. Chukueni DB ya ghorofa ambayo skrubu ya nyutro yake kuu imelegea hadi haigusi. Mchana taa zote zimewaka, arobaini kwenye kila fezi. Mizigo inalingana, kwa hiyo kila fezi inabaki karibu na volti 230 zake ingawa nyutro haipo kabisa. Hakuna anayejua. Ikifika jioni saa ya paneli inatoa amri: relei zote za fezi ya tatu zizime, za fezi ya pili zibaki taa kumi za korido, za kwanza ziendelee zote arobaini. Sasa kundi la taa arobaini na kundi la taa kumi yamekuwa kwenye mstari mmoja kati ya fezi mbili, yaani chini ya volti 400. Kundi dogo lina ukinzani mara nne ya kubwa. Kwa hesabu ya haraka, taa kumi zinapata volti 320 na zile arobaini zinapata 80. Za 80 zinafifia na kupepesa. Za 320 zinakufa, moja baada ya nyingine, na kila inayokufa inawaongezea mzigo wa volti wenzake waliobaki.

Asubuhi mnaitwa. Mnaambiwa, "Taa zimeungua relei zilipobadilika." Ni kweli zimeungua relei zilipobadilika. Mtabadilisha relei, mtabadilisha kadi, mtabadilisha draiva kumi, na kesho jioni zitaungua tena. Kwa hiyo mkiona taa nyingi zimekufa kwa pamoja na nyingine zinafifia, acheni relei. Zimeni swichi kuu, mkakague nyutro kuanzia mita hadi baa ya mwisho, mkaze kila skrubu kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Nyaya zenye nyuzi nyingi zivisheni feruli, kikofia cha chuma, kwanza, maana nyuzi zisizovishwa husambaa chini ya skrubu na kulegea zenyewe kwa kupata joto na kupoa.

Kuna kosa la tatu la nyutro, la kuazima. Saketi namba 7 inatoka kwenye relei namba 7, lakini fundi akiwa darini alikuta nyutro ya saketi namba 9 iko karibu zaidi, akaichukua. Taa inawaka. Kama saketi hizo ziko chini ya RCCB mbili tofauti (breka zinazojizima mkondo unaokwenda usipolingana na unaorudi), mtaokoka, kwa sababu mkondo uliotoka huku na kurudi kule utaiangusha RCCB mara moja na mtalazimika kutafuta. Kama haziko, kosa litakaa miaka. Kisha siku moja fundi mwenzenu atazima breka namba 9, atafungua nyutro namba 9 akijua imekufa, na kumbe ina mkondo wa taa za namba 7 unaorudi. Mkononi mwake nyutro iliyokatika ni sawa na fezi. Waingereza wanataka kila saketi ya mwisho ijitegemee kwa nyaya zake zote. Wamarekani wanaruhusu nyutro ya pamoja, ila tangu kanuni zao za mwaka 2008 breka za saketi zinazochangia nyutro lazima zizimwe kwa pamoja. Njia mbili tofauti, hofu moja.

Na tukiwa bado hapo: fezi na nyutro ya saketi moja zipite tundu moja. Sanduku ni la chuma. Ukitoa fezi kwa glendi ya juu na nyutro kwa glendi ya chini, chuma kilichopo kati kinazungukwa na usumaku na kinapata joto bila kugusa waya wowote. Kwenye paneli ya relei kishawishi ni kikubwa, kwa sababu fezi inatoka kwenye relei na nyutro inatoka kwenye DB, masanduku mawili tofauti. Vuta nyutro ije kwenye sanduku la relei, zitoke pamoja, na kila nyutro ivae namba ya fezi yake. L7 na N7. Lebo mbili, dakika moja.

Namba ni bora kuliko rangi, na niruhusuni nieleze sababu. Majengo ya zamani mjini yamevutwa kwa rangi za zamani za Uingereza: nyekundu, njano na buluu ni fezi tatu, nyeusi ni nyutro. Uingereza ilihamia rangi za Ulaya, zikaruhusiwa mwaka 2004 na kuwa za lazima 2006, na nyaya zinazoingia madukani kwetu zikafuata: kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, buluu ni nyutro. Tazameni kilichotokea. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Jengo likikarabatiwa ghorofa mbili tu kati ya sita, rangi zote mbili zinakutana ndani ya paneli moja. Halafu nyinyi vijana mnajifunza kwenye video za Marekani, ambako nyutro ya mfumo wa volti 120 ni nyeupe, ya mfumo wa volti 277 ni kijivu, na kijivu hicho hapa kwetu ni fezi ya tatu. Video hizo ni nzuri, mimi pia naziangalia, na paneli nyingi za relei zimeanzia huko. Chukueni mantiki yake, rangi waachieni wenyewe. Na volti 277 isiwatishe, ni fezi moja ya mfumo wao wa 480 kama 230 ilivyo fezi moja ya 400 yetu.

Niseme kuhusu kuganda kwa relei, maana mtalaumiwa. Taa ya LED ya wati 40 huvuta chini ya ampea 0.2 ikiwa imewaka. Taa thelathini ni kama ampea 5, na relei imeandikwa 16. Mbona inaganda, ukiiamuru izime inakataa? Kwa sababu ndani ya kila draiva kuna kapasita tupu, na kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde baada ya kuwasha, zote hujaza matumbo kwa pamoja. Mkondo wa mpigo huo unaweza kuwa mara makumi ya ule wa kawaida, hata kupita mia. Breka wakati mwingine huuona na kuanguka, ndiyo maana taa za LED hupewa breka za aina C badala ya B. Mguso wa relei huuona kila mara. Unapofunga hudunda kidogo, cheche inapita, madini yanayeyuka na kushikana. Ampea 16 za kwenye boksi mara nyingi ni za mzigo wa kawaida, kama hita, unaoandikwa AC-1. Tafuteni relei ambayo mtengenezaji ametaja mzigo wa taa za LED waziwazi, pamoja na mpigo inaouhimili. Na kwenye karatasi ya draiva kuna jedwali linalosema ngapi ziruhusiwe kwa kila breka. Mara nyingi jedwali hilo, wala si hesabu ya wati, ndilo huamua saketi iwe na taa ngapi. Mkiweza, pangeni paneli iwashe relei moja moja kwa kupishana nusu sekunde, hasa jenereta inapoingia.

Upande wa amri nitaupita haraka, kila mtengenezaji ana wake. Kumbukeni tu kwamba volti 24 ni chache, na umbali huzila. Waya wa milimita za mraba 0.5 ukienda mita 100 na kurudi una ukinzani wa takriban omu 7. Relei moja inayovuta nusu ampea itapoteza volti tatu na nusu njiani, na inaweza kuvumilia. Mkibonyezesha relei tano kwa kitufe kimoja kupitia waya huo, hakuna hata moja itakayogeuka, na pawasaplai itaonekana nzima mkiipima. Kwenye KNX, mfumo wa kuamuru vifaa vya jengo kwa waya wa mawasiliano, laini ni ya takriban volti 30, mnaweza kuitawanya kama matawi ya mti lakini msiifunge duara. DALI, mfumo wa kuamuru taa, pia vivyo hivyo, vifaa visizidi 64 kwa laini, na ingawa volti zake ni kama 16 tu, msiuhesabu waya wake kuwa salama kuguswa, kwa sababu utenganisho ndani ya draiva haukujengwa kwa ajili hiyo.

Kiona-mwanga kiwekeni mahali kisipoona taa kinazoziamuru, la sivyo zitawaka na kuzima usiku kucha. Na kwa Dar es Salaam jua linabadilisha saa ya kuzama kwa chini ya saa moja mwaka mzima, kwa hiyo saa ya kawaida ya paneli inatosha, mradi fundi akiambiwa "saa moja jioni" aandike 19:00. Nawaona mnacheka. Kuna maegesho ya magari hapa mjini yaliwahi kuwashwa taa usiku wa manane kwa muda mrefu kabla mtu hajauliza.

Taa za dharura zenye betri zina sheria yake. Zinahitaji fezi isiyokatwa, na fezi hiyo ichukuliwe kabla ya relei, kutoka breka ile ile inayolisha taa za eneo hilo. Ikichukuliwa baada ya relei, kila paneli inapozima taa usiku, taa ya dharura itadhani umeme umekatika. Itawaka kwa betri hadi iishe, kwa kawaida kwa muda wa saa tatu. Kesho tena, na keshokutwa. Betri itakufa ndani ya miezi michache, na siku ya moto au ya giza la kweli watu watashuka ngazi kwa kupapasa. Ikichukuliwa kutoka breka nyingine, breka ya korido inaweza kuanguka korido ikawa giza, na taa ya dharura ikatulia kwa sababu yenyewe ina umeme. Kati ya yote niliyoyasema leo, hili ndilo ningependa mkaguzi alipime kwa mkono wake kila mara, badala ya kutazama kama taa ya kijani inawaka.

Sasa usalama wenu wenyewe.

Relei iliyozima haijakata umeme. Naomba mwalimu aliye nyuma asinisaidie kulirudia, nitalirudia mwenyewe: relei iliyozima haijakata umeme. Mguso wake umeachana kwa uwazi mdogo ambao haukujengwa kuwa kinga ya mtu. Na amri inaweza kuja wakati wowote: kutoka kwenye saa, kutoka kwenye kiona-mwendo, kutoka kwa mlinzi aliyebonyeza kitufe ghorofa ya chini akiwa hakujui. Ukipanda ngazi kubadilisha taa, zima breka, ifunge kwa kufuli, weka kibao chenye jina lako. Leseni mtakayoiomba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haina faida kwa fundi aliyepigwa shoti.

Ukifungua sanduku lenyewe, hali ni ngumu zaidi. Kwenye DB ukizima swichi kuu, vyote vilivyo chini yake vimekufa. Paneli ya relei inaweza kulishwa na breka ishirini na nne, kutoka DB mbili, mojawapo ikiwa ya jenereta. Ukizima breka moja umeua terminali mbili na umeacha nyingine arobaini na sita zikiwa hai, sentimita chache kutoka kwenye bisibisi yako. Pima tesa yako kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi upime tena pale penye umeme, ujue tesa haikufa katikati. Pima fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi, nyutro kwa ethi. Tumia kipimo chenye ncha mbili. Bisibisi yenye taa ndani iacheni, haiwezi kutofautisha umeme wa kweli na ule wa kuazima unaopita kwa ukaribu wa nyaya. Ndiyo maana pia taa za LED zilizozimwa wakati mwingine hubaki na mwanga hafifu: waya mrefu umelala kando ya waya hai darini, unaokota kidogo. Mkiona hivyo hakikisheni kwanza kwamba hakuna aliyeikatisha nyutro badala ya fezi.

Na kabla ya kupiga mega, yaani kupima uimara wa ganda la nyaya, kwa volti 500, chomoeni kadi, pawasaplai na draiva. Kipimo cha chini kinachokubalika ni megaomu 1 kati ya nyaya na ethi, lakini kadi haihitaji kujua.

Mkimaliza kufunga, zimeni breka moja moja na mtembee ghorofa nzima mkiangalia zipi zimezima, kisha muwashe na kuzima relei moja moja mkiangalia tena. Matokeo yaandikeni kwenye jedwali, mlibandike ndani ya mlango wa paneli. Tumieni majina wanayoyatumia watu wa jengo. Mchoro unaweza kusema "Eneo 3B", lakini mlinzi anaita pale "kwa mhasibu", na saa nane za usiku ni mlinzi ndiye atakayekuwa ameshika tochi mbele ya sanduku lile. Andikeni pia breka iko DB gani, na rangi zipi ni za zamani.

Ya kwangu yameisha. Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Wenye maswali ya KNX na DALI naomba mvumilie kidogo, tuanze na wa kontakta, maana ndio wengi na ndio walio na kazi kesho.